Kigari cha Viti Viwili

Hapa mtaani kwetu, Hai Malakal, mtoto hubebwa mgongoni, na mama anayesukuma kigari huchekwa kuwa amegeuka khawaja, mzungu. Wacheke! Mgongo wangu ulikuwa umegoma, na nilikuwa na safari ndefu ya basi kuvuka mpaka hadi Kitale, nilikokulia, kumpeleka binti yangu akaonwe na dada yangu.

Muuza mitumba wa sokoni alikuwa na vigari viwili. Kimoja kilikuwa chepesi, cha kiti kimoja, kinakunjika vizuri. Kingine kilikuwa cha viti viwili, kizito, gurudumu moja likilia. Mama yangu akakishika hicho kizito.

“Mama, jamani! Mtoto si ni mmoja?”

Akaendelea kukisukuma huku na huku. Binti yangu alizaliwa pacha. Kaka yake alichukuliwa na homa msimu wa mvua uliopita, kabla hawajajua kutembea. Kwetu pacha hafi. Husemwa ameruka, kama ndege. Na anachonunuliwa mmoja, mwenzake naye hununuliwa, la sivyo aliyeruka huona wivu, akarudi kumchukua aliyebaki. Asiyesikia la mkuu, nilijua inavyoendelea. Hata hivyo nilinunua kile chepesi, na Mama akatembea mbele yangu njia nzima.

Nyumbani nikamketisha binti yangu. Akajibana upande wa kushoto, nusu ya kiti ikabaki wazi. Nikamvuta katikati. Akarudi kushoto. Ndivyo walivyokuwa wakilala, yeye kushoto, kaka yake kulia. Nikamtoa haraka.

Kesho yake asubuhi akaamka anachemka.

Zahanati walisema ni malaria, wakampa dawa. Dawa niliiamini, wallahi. Lakini nilimwachia Mama mtoto nikakimbia sokoni na kile kigari chepesi, nikimwomba Mungu kile kizito kiwe hakijauzwa. Kilikuwepo, tukabadilishana na muuzaji. Nilikisukuma kitupu hadi nyumbani, gurudumu likilia, majirani wakicheka, nami nikilia waziwazi.

Homa ilishuka. Siku ya safari nikamketisha binti yangu kiti cha kushoto, nikamfunga mkanda. Mama alisimama mlangoni akingoja tuondoke.

“Twende basi, tutaachwa!”

“Ngoja kidogo, Mama.”

Nikainama upande wa pili, nikaufunga pia mkanda wa kile kiti kitupu. Barabara zetu zina mashimo mengi.