Vidonge vya Asubuhi ya Kliniki

Kazini walimwita Bibi Kinyaa, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Damu haikumsumbua hata kidogo. Angeweza kushinda maabara akipanga mirija ya damu, kisha akanawa na kwenda kula wali wake kwa raha zote. Kilichomtia kichefuchefu ni watu. Anayelamba kidole ili afunue karatasi. Anayekoroga chai kwa kalamu. Na yule, jamani, anayetema makohozi kwenye sinki la kunawia mikono halafu anaondoka zake bila hata kufungua maji! "Watu wazima na akili zenu," angefoka, kisha angelisugua sinki mwenyewe huku amenuna, kwa sababu usafi wa mtu mwingine hakuuamini.

Kitengo chao kilikuwa kinatafiti namna mwili unavyoitawala homoni ya tezi ya shingo. Jambo lenyewe si gumu. Ubongo una homoni yake ya kuipigia tezi kelele: fanya kazi, we mvivu! Homoni ya tezi ikishajaa kwenye damu, ubongo unanyamaza. Ikipungua, kelele zinaanza upya. Moja ikipanda nyingine inashuka, na ndivyo walivyokuwa wagonjwa wao karibu wote, isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Mdogo mtu alikuwa ametolewa tezi baada ya kuota uvimbe, na tangu hapo alitakiwa kumeza kidonge kimoja cha homoni hiyo kila alfajiri, maisha yake yote. Ndoa ilipomshinda alihamia kwa dada yake, chumba cha nyuma. Akaingizwa kwenye utafiti, na damu yake ikaja na maajabu: homoni ya tezi imejaa pomoni, na ubongo bado unapiga kelele. Bibi Kinyaa aliisafisha mashine, akabadilisha dawa za kupimia, akarudia. Majibu yakawa yale yale. Daktari mkuu, bwana mmoja mrefu mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, nusura acheze ngoma. "Mwili wake hauisikii homoni!" akasema. "Ni ugonjwa wa nadra kabisa. Kuna madaktari wanastaafu bila kumwona mgonjwa kama huyu!"

Tangu hapo mdogo mtu akawa malkia. Siku ya kliniki anafuatwa na gari. Wauguzi wanampokea mlangoni, daktari mkuu anamvutia kiti kwa mikono yake mwenyewe. Na kila akija, dozi inaongezwa, eti waone mwili utasikia lini. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Uso ulikuwa umemvimba, sauti imekuwa nzito, na jua kali lote hilo yeye yumo ndani ya sweta. Dada yake aliona, akajiambia kwamba ugonjwa wa nadra una vituko vyake, akaendelea na shughuli zake.

Asubuhi moja ya kliniki, Bibi Kinyaa aliingia choo cha wanawake kunawa mikono. Akamkuta mdogo wake ameinamia sinki, kiganja kimejaa vidonge. Alivibwaga mdomoni vyote kwa mpigo. Vingine vikamtoka pembeni na ute wa mate, vikaangukia sinkini. Akaviokota. Sinkini! Akavirudisha mdomoni, akalinyonya bomba kama ndama, kisha akalamba unga uliobaki kiganjani.

"We! Unafanya nini?"

Mdogo mtu akageuka, kidevu kinachuruzika. "Dada, si hivi vidonge vyangu. Vya siku zote. Vilikuwa vimelala."

"Vimelala? Kwani huwa humezi?"

"Vinanichosha bwana, vinanitoa jasho. Lakini nikija bila kumeza watanisema."

Bibi Kinyaa akapiga hesabu. Vidonge vya kiganja kizima hujaza damu asubuhi hiyo hiyo, lakini ubongo huchukua wiki kadhaa kuelewa na kunyamaza. Kumbe basi! Ule uso wa kuvimba na lile sweta ni kukosa homoni siku zote nyingine. Hapakuwa na ugonjwa wa nadra wala nini. Palikuwa na mtu mwongo na bomba la maji. Akamkamata kifundo cha mkono, akasikia mapigo yanakimbia hovyo, na dozi ndiyo hiyo inaongezwa kila mara. "Utakufa, mjinga wewe! Moyo utasimama!"

Akaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu. Alimkuta anachokonoa meno kwa kibanio cha karatasi, picha ya shingo ya mdogo wake imejaa kwenye kompyuta. Akamweleza yote. Daktari akakipangusa kile kibanio kwenye suruali, akakirudisha mezani pamoja na vingine.

"Nani mwingine ameona?" akauliza.

"Mimi tu."

"Basi sikiliza, mama. Mkutano wa madaktari ni wiki ijayo, na mimi ndiye msemaji, kuhusu mgonjwa huyu huyu. Leo tuchukue damu kama kawaida. Aendelee hivyo hivyo, nikirudi tutamrekebisha taratibu."

"Aendelee kubwia vidonge?"

"Miezi yote hii amebwia na hajafa."

Bibi Kinyaa aliisogelea meza. Akatema mate. Ndiyo, yeye huyo huyo, sakafuni, mbele ya meza ya bosi wake. Kisha akatoka, akamkokota mdogo wake hadi chumba cha dharura, akaeleza kila kitu mbele ya wauguzi na kila mwenye masikio.

Wakamlaza, wakambandika nyaya kifuani, na daktari wa zamu akasema haondoki mpaka moyo utulie. Mdogo mtu akatazama dari. "Umemwambia daktari wangu?"

"Nimemwambia."

"Amekasirika?"

"Amesema uendelee hivyo hivyo mpaka amalize mkutano wake."

Mdogo mtu akamgeukia. "Hakuuliza kama nimepatwa na chochote?"

"Hakuuliza. Mshenzi yule, ananitia kinyaa."

"Wewe kila mtu anakutia kinyaa, dada." Sauti yake ile nzito haikuwa na hasira. "Pale kwako nina sahani yangu, kijiko changu na kikombe changu, vimewekwa peke yake kama vya mbwa. Hapa walikuwa wananipa chai kwenye vikombe vyao."

Bibi Kinyaa akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nitameza kimoja kimoja kila siku, nakuahidi," mdogo wake akasema. "Ila maji ya kumezea unipe kwa kikombe chako."

Midomo yake ilikuwa imekauka, na unga mweupe wa vidonge bado umeganda kwenye kona zake.

"Sawa," Bibi Kinyaa akasema, akaupangusa ule unga kwa kidole chake mwenyewe, uso ameukunja.