Jumamosi za Baba Redioni

"Baba yako anakuja lini?" Jirani yetu aliniuliza hivyo kila tulipokutana ziwani kuteka maji. Juzi nilipita sokoni Homa Bay, redio ikicheka dukani, na swali likanirudia kana kwamba bado nina ndoo kichwani.

Kama ulikulia kule miaka ya sitini, huenda nawe ulicheka kwa ajili ya baba yangu. Alianzia vilabu vya pombe karibu na soko, akimwiga chifu anavyokohoa kabla ya kudanganya, na katekista anavyosinzia katikati ya sala yake mwenyewe. Kisha akaitwa Kisumu, halafu Nairobi, mpaka redioni.

Mama alikuwa amefariki. Nilibaki na nyanya, mama yake baba, tukianika dagaa wa omena na kuwafukuza kuku wasiwale. Mvua za mwaka mmoja zikaiangusha nyumba ya baba.

"Tuijenge," nikasema.

"Nguzo ya kwanza nani ataisimamisha? Wewe?"

Kwetu nguzo hiyo husimamishwa na mwenye nyumba mwenyewe, na mwanamume aliyekwisha kuoa haruhusiwi kulala katika nyumba ya mama yake. Basi baba hakuwa na pa kulala kwao. Nilimuuliza mwalimu ni nani aliyetunga sheria hiyo. Akaniambia nikae chini.

Kila kiangazi nyanya alikata miti, akaiegemeza ghalani imngoje mwanawe. Mchwa wakaila. Akakata mingine.

Kila Jumamosi alasiri tulikwenda kumsikiliza baba kwa mwenye duka, Mwislamu kutoka Mombasa, aliyeweka redio juu ya gunia la sukari. Duka lilinuka mafuta ya taa na mandazi. Siku moja baba akamwiga nyanya akigombana na kuku wake. Watu wakashika mbavu.

"Mama, si ni wewe kabisa huyo!" jirani akapiga kelele.

"Nimesikia," nyanya akasema. "Amekonda."

"Kukonda kunasikika redioni?"

"Wewe cheka tu. Sauti ya mtoto wangu naijua."

Njiani nikamuuliza kwa nini baba asije hata mchana mmoja, anywe uji, aende zake.

"Nairobi ni mbali, nyathina, mwanangu," akajibu, akaongeza mwendo.

Nyanya alifariki miti ikiwa bado ghalani. Sasa boma letu ni shamba la mahindi la watu wengine, na hakuna anayejua kuku walikuwa wakilala upande gani.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo kikuu nilipokutana na fundi mitambo aliyefanya kazi na baba redioni. Akaniambia vipindi vile vilirekodiwa vingi kwa siku moja, ili baba apate nafasi ya kuzunguka vilabuni. Jumamosi nyingi tulipomsikiliza alikuwa Migori, amepanga chumba nyuma ya kilabu, mwendo wa asubuhi moja kwa basi kutoka kwetu.