Sistimu imeitisha tarehe ya kuzaliwa ya ng'ombe

Leo nimempigia mzee wa watu simu kumuuliza ng'ombe wake alizaliwa lini. 🙈

Niko ofisi ya kichinjio hapa Athi River. Lori lililomleta ng'ombe liko getini, dereva anapiga honi, na sistimu imekataa kusajili ng'ombe: "Tarehe ya kuzaliwa haipo."

Mzee, kutoka Mitaboni, akashangaa. "Aiii! Hata yangu siijui!"

Mke wake akadakia hapo nyuma, "Alizaliwa siku Mumbua wetu aliolewa! Kwani mnamkatia keki?"

Mama huyo akanitajia tarehe ya harusi. Nikajaza.

Sistimu ikajibu: "Hajafikisha miaka kumi na minane. Hawezi kuajiriwa."

Kumbe nilikuwa nimefungua fomu ya wafanyakazi wapya!

Bosi amecheka mpaka akakaa chini. Nyinyi mmewahi kuajiri nani? 😂