Mkwe Aliyeuacha Moto

Kapembwa aliingia idara ya kemia akiwa na mke, watoto watatu na ndevu. Kabla ya hapo alifundisha shule ya msingi kwao Mporokoso, kaskazini mwa Zambia, na ualimu haujamtoka hata leo. Akiona karatasi chini anaiokota. Akiona kijana wa watu shati liko nje anamkazia macho mpaka alichomeke. Wenzake darasani, vijana ambao hawajaanza hata kunyoa, walimwita Babu. Hakukasirika. Walimchagua kuwa kiongozi wao, na kila mwaka ulipoanza ni yeye aliyewasomea wageni sheria za maabara, kwa sauti ya padri anayetangaza ndoa.

Mimi nafagia jengo hilo, na sheria hizo nimezisikilizia mlangoni mpaka naziota. Viatu vifunike vidole. Koti jeupe, vifungo vyote, wala halivuliwi ndani. Nywele zifungwe. Hakuna kula, hakuna kuonja. Anayechelewa atakuta mlango umefungwa. Halafu ile ambayo Kapembwa aliisoma kidole kikiwa juu:

"Ukiwasha moto, wewe na moto wako mmeoana. Humwachi. Hata akija rais."

Hayo ya kuoana aliyatia yeye. Karatasi ya idara ilisema tu kwamba atakayeuacha moto peke yake haingii tena maabara mwaka huo, na asiyeingia maabara anarudia mwaka.

Hata akija rais. Hakusema hata akija mama mkwe.

Mama mkwe wake ni Bana Chilufya, yaani Mama Chilufya, mfagiaji mwenzangu. Alikuwa kwenye jengo lile tangu mkwe hajaota kuja kusoma. Kapembwa alikuwa ameishi na binti wa mama huyo miaka tisa lakini alikuwa hajaingizwa, na mkwe ambaye hajapikiwa akakalishwa mkekani kwa wakwe hatazamani na mama wa mkewe. Akimwona njiani, anaingia majanini. Sasa kwenye korido ya saruji majani utayatoa wapi?

"Mwingize basi," nilimwambia Bana Chilufya. "Au kuku wameisha mjini?"

"Nangoja amalize. Nitamwingiza na digrii yake, mtaa mzima uje ushibe na maneno yauishie."

"Mtaa utakula kuku, na maneno utabaki nayo."

Akanisonya. Tukajipangia wenyewe. Maabara ni yangu, yeye haikanyagi. Korido ni zake, na kabla ya kukata kona anagonga ndoo ya bati kwa mpini wa ufagio. Kapembwa akisikia ndoo anageukia ngazi za nyuma. Wanafunzi walidhani mama wa watu ana wazimu kidogo. Miaka miwili ikapita, jicho halijakutana na jicho.

Halafu nikaenda msibani Luanshya.

Siku hiyo chupa ilivunjika maabara, na msimamizi wetu, kijana wa juzi tu, akamtuma Bana Chilufya.

"Chumba kile ni cha Bana Kasuba," akamwambia, yaani changu mimi.

"Bana Kasuba yuko msibani. Vioo navyo vingoje matanga yaishe?"

Angemweleza nini mtoto yule? Akaenda. Aligonga ndoo mlangoni kama mtu anayefukuza nyani shambani, lakini ndani feni za kutoa moshi zilikuwa zinanguruma. Akafungua.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mutale, binti aliyekuwa meza moja na Kapembwa. Walikuwa wanachemsha mafuta. Kapembwa akainua kichwa, akamwona mama mkwe na ufagio. Mutale anasema alibadilika kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani kwapani. Hakukimbia. Aliweka chini alichoshika, akageuza mgongo, akatoka mlango wa nyuma taratibu, kama atokavyo mtu mwenye adabu.

"Babu, unaenda wapi? Moto huu!"

Mutale akanyoosha mkono kuupunguza. Mafuta yakafurika, ndimi za moto zikatambaa mezani, zikamshika mkono wa koti. Vijana wakarudi nyuma wote, na sheria zao vichwani. Aliyesogea ni Bana Chilufya.

Ofisi imetupa makoti ya bluu yasiyofika magotini, kwa hiyo sisi hufunga kitenge juu ili tubaki mama za watu. Bana Chilufya alikifungua kitenge hicho, akamzungushia binti mkono, akaukumbatia mpaka moto ukafa. Wengine ndipo wakakumbuka ndoo ya mchanga, wakaimwaga mezani. Na Kapembwa, aliyesikia kelele, akarudi mbio. Akamkuta mama wa mkewe katikati ya darasa, magoti nje.

Alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Bana Chilufya akachuchumaa nyuma ya meza, anavuta koti lisilovutika. Kijana mmoja akacheka. Mmoja tu, lakini alitosha. Mutale, na mkono wake wenye malengelenge, akavua koti lake jeupe akamfunika mama. Hiyo nayo ni kuvunja sheria.

Kesho yake mkuu wa idara, Dokta Sichalwe, akamwita Kapembwa mbele ya walimu.

"Kwa nini uliuacha moto?"

"Nilisahau, bwana."

"Wewe? Wewe unayewasomea wenzako?"

"Nilisahau."

Wakamtoa maabara mwaka mzima. Angeweza kujitetea, lakini ingembidi apeleke magoti ya mama mkwe kwenye meza ya wanaume wale. Akachukua mfuko wake akaenda.

Niliporudi nilimkuta Bana Chilufya kwenye stoo ya mafagio, amekaa juu ya ndoo.

"Nenda kaseme," nikamwambia.

"Nikaseme mkwe wangu ameniona magoti?"

"Sema alikuheshimu."

"Heshima iliyomuunguza mtoto wa mwenzangu?"

Nikaenda kwa mkuu mwenyewe, nikamweleza yote, nimesimama na ufagio wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi nina mama mkwe, mama," akasema. "Moto hauna. Arudi mwakani."

Kapembwa alienda kwa wazazi wa Mutale kuomba radhi, akakaa sakafuni ingawa walimpa kiti. Baada ya hapo alipita vichochoroni. Watoto wa mtaa walijua hadithi, na kuna waliogonga vikopo akipita. Waliowafundisha mchezo huo ni mama zao.

Bana Chilufya hakungoja digrii tena. Alipika ubwali, ugali wa kwetu, kuku mzima, mboga ya karanga na viwavi vya kukaanga, akaita ndugu tu. Mtaa haukuitwa. Tuliimba kwa sauti ya chini kama watu wanaobembeleza mtoto. Alipomnawisha mkwe mikono, alitazama pembeni, maji yakaenda mkekani.

"Nilitaka nikuingize kwa furaha," akamwambia. Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia.

"Niingizeni hivi hivi, mayo, mama yangu," akajibu, macho kwenye bakuli.

Mwaka mpya ukaja. Kapembwa akasimama na waliokuwa nyuma yake darasa moja, akisomewa sheria na binti mmoja mwembamba. Binti alipofika kwenye ile ya moto alishusha macho kwenye karatasi, kwa huruma. Wengine wote waligeuka kumtazama. Alikuwa anafunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Wiki ile ile nilimpa Bana Chilufya ufagio wangu.

"Leo maabara ni yako."

"Bana Kasuba, niache."

"Kuku nilimla, nami nataka nione kazi yake."

Akaenda. Aligonga ndoo kwa mazoea, akaingia. Nami nikachungulia. Kapembwa alikuwa mbele ya moto wake. Shingo ilimkakamaa, lakini miguu haikuondoka.

"Mmeamkaje, mayo?"

"Salama, mwanangu."

Hakugeuka. Sheria inasema macho yasitoke kwenye moto, naye aliyakaza huko huko. Bana Chilufya alifagia haraka haraka, mkono mmoja kwenye ufagio, wa pili umeshika fundo la kitenge.