Mkono wa Wafula

Ile siku naikumbuka mpaka viti tulivyokalia, mwanangu. Vilikuwa vitano, vya plastiki, ndani ya studio ndogo kule Kibuli, jirani na msikiti, nami nilichagua kile cha karibu na mlango kama mtu anayetaka kutoroka. Wanabendi wanne na fundi wetu wa studio tulikuwa tumekaa kusikiliza albamu yetu mpya kabla haijatoka. Leo nina miaka sitini na mitatu, na kosa ninalotaka kukusimulia nililifanya mwaka jana tu, kwa hiyo usidhani kukosea kunaisha meno yakianza kutikisika.

Bendi yetu ina desturi moja. Aliianzisha Papa Jérôme, Mkongo mwenzangu, mpiga gitaa aliyetukusanya tukiwa vijana. Albamu ikikamilika, tunaisikiliza wote mwanzo hadi mwisho bila kusema neno, na aliyekosea anainua mkono mwenyewe pale kosa lake linapopita. Hakuna kumnyooshea mwenzako kidole. Katika albamu yetu ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mimi ndiye mwimbaji, na nilichelewa kuingia kwenye ubeti wa pili. Nikaikalia mikono yangu, nikatazama dari kama mtu anayehesabu mbao. Papa Jérôme hakunigombeza mbele za watu. Alingoja tutoke nje, akaniambia, "Binti, kosa lako tumelisikia sote. Ni wewe hatujakusikia."

Nililia njia nzima mpaka nyumbani. Papa ameshafariki, Mungu amrehemu, lakini desturi yake tuliishika, nami nilidhani nimeshajifunza.

Sasa, hii albamu mpya. Watu wametuzoea na magitaa, besi na ngoma, roki ile laini waliyoicheza ujanani. Tukasema safari hii tujaribu milio ya kompyuta, tusiwe tunarudia yale yale mpaka kaburini. Fundi wetu ni binti anaitwa Nambi, mwenye masikio makali kuliko sisi wote. Kila adhana ilipoanza alitusimamisha, maana vipaza sauti vyake vinadaka kila kitu. Tulikubaliana kwamba ngoma za kompyuta ziingie kwenye nyimbo mbili tu, na Wafula mwenyewe alikubali. Wafula ndiye mpiga ngoma wetu, Mkenya, tuko naye tangu ile albamu ya kwanza. Ndiye aliyenipa jina la Kadogo. Siku hizo nilikuwa mwembamba, usicheke. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umepungua nguvu. Alianza kila wimbo vizuri, halafu katikati mapigo yakaanza kusinzia. Niliogopa, mwanangu. Niliwaza vijana watatusikia na kusema wazee hawa wamekwisha. Basi siku moja Wafula alipoondoka, nilibaki nyuma nikamwomba Nambi azitoe ngoma zake kwenye nyimbo zote, aweke za kompyuta zinazofanana nazo. Nambi akaniuliza:

"Mama, lakini yeye anajua hii?"

Nikamjibu kwamba nitamwambia mwenyewe.

Sikumwambia. Wiki nzima niliishi roho juu. Nikiona jina lake kwenye simu, niliiacha ilie kwanza kabla sijapokea. Mara moja alinipigia kunijulia hali tu, tukaongea bei ya samaki wa Port Bell, kule ziwani karibu na kwake. Kila aliponyamaza nilijiambia sasa, sema sasa, halafu nikamuuliza habari za wajukuu. Nilijidanganya kwamba namsitiri, na kwamba huenda asigundue.

Ndipo tukakaa kwenye vile viti. Wimbo wa kwanza ukapita, na wa pili. Mpiga besi aliinua mkono mara moja, tukaendelea. Wafula alikuwa amefumba macho, mikono iko juu ya magoti, na mimi nilikuwa nautazama ule wa kulia tu. Wimbo wa tatu ulipofika katikati, akauinua. Alikuwa amekumbuka mahali alipokosa pigo siku ya kurekodi, akawa analingoja kosa lake lipite. Lakini hapakuwa na kosa. Mapigo yalipita pale safi kabisa, na mkono wake ukabaki juu. Akafumbua macho, akautazama, akaushusha polepole.

Hapo nikauinua wangu. Nikavunja desturi, nikasema kwa sauti kwamba ngoma zile si zake, kwamba mimi ndiye niliyeomba zitolewe, na Nambi asilaumiwe. Nambi akazima muziki.

Wafula aliutazama tena mkono wake wa kulia. Kisha akasema, "Mimi nilijua huu mkono umeisha. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniambie. Na nilidhani utakuwa wewe." Akachukua kofia yake, akatoka.

Majuma mawili hakupokea simu yangu. Niliogopa kwamba nimeivunja bendi, na zaidi niliogopa kwamba nimemvunja yeye. Halafu akaja studio mwenyewe. Aliisikiliza albamu upya, akasema kompyuta ibaki kwenye nyimbo zote isipokuwa ule wa tatu. Ule urudishiwe ngoma zake, na kosa lake lisiguswe. Siku tuliposikiliza tena wote, aliinua mkono pale pale, na safari hii kosa lilikuwepo. Alitabasamu, lakini hakunitazama. Tunapiga naye mpaka leo. Ananisalimia vizuri, ananiita Mama Furaha kama wanavyoniita watu wengine wote. Kadogo sijaisikia tena.

Kwa hiyo nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Mitambo mipya usiiogope, kompyuta haikunifanyia ubaya wowote. Ila ukiona mwenzako amepungua, mwambie wewe, mapema, uso kwa uso, hata sauti ikikutetemeka. Usimrekebishe kwa siri ukasema unamsitiri. Mimi nilijiambia hivyo, kumbe ulikuwa ni woga. Na ukikosea, inua mkono kabla hujalazimishwa na aibu ya mwenzako.

Mungu akupe watu wa kuzeeka nao, na akupe ujasiri wa kusema siku utakapoogopa. Na kama yuko anayekuita kwa jina ambalo hakuna mwingine anayelitumia, basi Mungu akulindie jina hilo.