Nusu pointi ya Ansab: binti yangu alishindana cheerleading ya chuo na ya klabu siku moja, na ratiba niliipanga mimi

Wakuu, habari za mihangaiko.

Naanza na bei, maana nikiiweka mwisho mtasema nimeficha. Jumamosi iliyopita imenigharimu riali sitini na moja, baisa mia nne, na nusu pointi.

Nimehesabu mara mbili.

Riali nimeshazililia, zimeisha. Iliyonileta hapa ni ile nusu pointi.

Nitaandika kama ilivyokuwa, hata pale ambapo mimi sitoki vizuri. Mkifika hapo mtapajua wenyewe.

Kwa wasionijua: niliuza mitumba soko la Karume miaka sita kabla sijaolewa nikaletwa Omani. Familia ya mume wangu ni ya hapa, ila walikaa Unguja mpaka Kiswahili kikawahamia mdomoni. Tunaishi Mabela: mimi, mume wangu, binti yetu Rahma mwenye miaka kumi na tisa, na Bibi, mama mkwe wangu. Mume wangu siku hiyo alikuwa Salala kikazi, kwa hiyo msimsubiri kwenye hii hadithi, hayumo.

Rahma anacheza cheerleading.

Najua mnachofikiria. Si ile ya kupunga vishada pembeni ya uwanja wa mpira. Hii yenyewe ndiyo mchezo. Wasichana wanabebana, wanajenga piramidi, mmoja anarushwa juu na kudakwa. Dakika mbili na nusu, majaji mezani, pointi mpaka nusu. Hapa Maskati wanavaa mikono mirefu, suruali ndefu na hijabu ya michezo, na bado wanapaa.

Anayerushwa anaitwa flyer. Ndiye Rahma.

Na mchezo wote ni hesabu. Moja mpaka nane, halafu unarudi moja. Wamefanyia mazoezi sebuleni kwangu mpaka nikaukariri: kwenye tano anarushwa, kwenye nane anadakwa. Ukiniuliza mimi, huu ni mchezo uliotungwa kwa ajili ya watu wa aina yangu.

Sasa, ziko mbili, na hapa ndipo ubishi ulipo.

Ya chuo: unawakilisha chuo chako, hulipi kitu, mnashindania kikombe kimoja kinachokwenda kukaa kwenye kabati la vioo karibu na ofisi ya mkuu wa chuo. Hapa kwetu ni ukumbi wa wanawake peke yao, simu zinaachwa mlangoni. Hakuna picha. Ukishinda, ushahidi wako ni midomo ya wamama waliokuwepo.

Ya klabu, ambayo wenyewe wanaiita all-star: unalipa. Unalipa ada, unalipa koti, unalipa hata utepe wa nywele. Lakini kuna taa, muziki, watangazaji, timu zinatoka mpaka Dubai, medali inaning'inia shingoni na picha zinafika kwetu Tanga kabla hujavua viatu.

Ipi ina hadhi kubwa? Nasikia hata huko ulikotoka mchezo wenyewe hawajamaliza kubishana.

Nyumbani mimi nilikuwa kambi ya klabu. Nimelipa, nitakuwa kambi gani tena? Koti walitaka riali kumi na nane, nikalishusha mpaka kumi na tano, na sikulishusha ili likae kabatini.

Bibi alikuwa kambi ya chuo. Nikamwonyesha video za klabu, akatazama zote kwa adabu, akarudisha simu.

"Mashindano mie nnayajua, mama Rahma," akasema. "Lazima awepo mtu anayetaka ushindwe."

Nikamwona wa zamani.

Basi. Fainali zote mbili zikaangukia Jumamosi moja. Ya chuo Ansab, saa tisa alasiri. Ya klabu Sib, timu ya Rahma inapanda saa kumi na moja na dakika kumi, na saa kumi na robo lazima wawe ndani wanapasha misuli. Asiyekuwepo saa hiyo hapandi.

Rahma aliniambia wiki mbili kabla kwamba ataacha ya klabu. Chuoni yupo na Shamsa, nahodha wao, ambaye amesimama chini yake miaka mitatu akimdaka. Shamsa yuko mwaka wa mwisho. Wamekuwa wa nne, wakawa wa tatu, na mwaka huu waliona kikombe kinawatazama. Kwa Shamsa hakuna mwaka mwingine.

Nikamwambia Rahma hatuachi kitu kilicholipiwa. Vyote viwili. Niachie mimi muda.

Jumamosi tukafika Ansab saa nane na nusu. Mlangoni kuna dada anakusanya simu kwenye vikapu, anakupa namba. Bibi akakataa kutoa yake, ile ya vitufe.

"Hii hata picha haijui kupiga," akamwambia yule dada, akapita nayo ndani ya mkoba, pamoja na chupa yake ya kahawa.

Ratiba ilibandikwa ukutani. Timu sita. Sisi wa tano.

Nikapiga hesabu. Kila timu na maandalizi yake ni robo saa. Wa tano ni saa kumi kamili, kama mtaanza kwa wakati, na hakuna shughuli ya wamama iliyowahi kuanza kwa wakati tangu dunia iumbwe. Nikapiga tena. Jibu lile lile. Hatufiki Sib.

Wa kwanza walikuwa timu ya kijani, chuo kingine. Nikamtafuta mwalimu wao. Nilikuwa nimejiandaa, wakuu. Nilikuwa na sababu tatu, na nyuma ya sababu nina machozi ya akiba.

Nikasema tu, "Mwalimu, mnaonaje tukibadilishana nafasi?"

Akasema sawa.

Hata sababu ya kwanza sijaitoa. Akasema sawa, akanikaribisha tende.

Karume, ukitaja bei na muuzaji akakubali hapo hapo bila kukuna kichwa, unaacha mzigo unaondoka. Nimewafundisha hilo wasichana wangapi pale sokoni. Mimi mwenyewe nikala tende mbili nikaenda zangu.

Mwenye orodha ya timu akaniuliza kama kocha wetu amekubali. Kocha alikuwa ndani na wasichana. Nikasema ndiyo, amenituma.

Niliahidi kuandika ilivyokuwa. Hakunituma mtu.

Akakata, akaandika upya. Wasichana wakaambiwa dakika kumi kabla. Shamsa akatoka koridoni akasoma ratiba mara mbili, kama mimi. Wote wakadhani ni waandaaji. Uso wake ulibadilika kidogo, kisha akageuka kwa wenzake akapiga makofi na kusema, "Haya yallah, wengine watatufuata sisi."

Wakatoka.

Wakuu, ningekuwa na simu msingenihitaji nieleze. Wasichana kumi na sita wa buluu, kimya, halafu sauti moja ikaanza kuhesabu na sakafu ikaitikia. Ukumbi ulikuwa nusu, watu bado wanatafuta viti, mama mmoja amesimama mbele yangu anamwita mwenzake. Nikamvuta abaya akakaa bila kupenda.

Tatu. Nne. Tano, na mtoto wangu akaondoka mikononi mwa watu.

Pale juu alizunguka mara mbili. Mimi niliyekariri kila kitu nikasahau sita inafuatwa na nini. Nikaona tu mikono ya Shamsa iko pale pale inapotakiwa kuwa, haijasogea hata kidole, na Rahma akatua kama nguo inavyoangukia kwenye kapu.

Nilipiga kigelegele mpaka koo likauma. Bibi alimwaga kahawa na hakuifuta.

Pointi themanini na nane.

Sijui tulivyotoka. Namba yangu, simu yangu, Rahma na kiatu kimoja mkononi. Bibi akasema habanduki, yeye yuko na Shamsa mpaka mwisho. Nikawasha gari. Kipilefti cha kwanza kizuri, cha pili kizuri, karibu na uwanja wa ndege magari yamesimama, nikapita kulia kwa namna ambayo sitaieleza hapa kwa sababu mume wangu ni memba humu. Rahma anabadilisha koti kiti cha nyuma, anacheka, ananihesabia dakika. Saa kumi na dakika kumi na mbili tuko mlangoni Sib. Dakika tatu mkononi!

Nilijiona nimeshinda mimi.

Nikakaa, nikavuta pumzi, nikaenda kusoma ratiba ya ukutani, maana siwezi kukaa na karatasi sijaihesabu. Kundi la Rahma: timu moja. Nikadhani nimeruka mstari. Nikahesabu tena kwa kidole.

Timu moja. Yetu.

Nikamuuliza mama aliyekuwa pembeni, mtoto wake naye yuko timu hiyo hiyo, wengine wako wapi. Akanijibu kwa upole kwamba hakuna wengine, kwenye umri na kiwango chao ni sisi tu mwaka huu. Dhahabu ilikuwa yetu tangu siku ya kujiandikisha.

Sasa niwe mkweli kwa klabu pia. Walipopanda, yale mambo ni magumu kuliko ya chuo. Rahma alirushwa juu zaidi, wenzake wadogo wa chini wakapiga sarakasi mpaka watu wa Dubai wakasimama. Muziki unakugonga kifuani. Nilipiga video yote. Kazi yao si ya mchezo, nisije nikasikia mtu anadharau.

Ila nilikuwa natafuta ukumbini mtu anayetaka tushindwe, na sikumwona.

Simu ikaita. Bibi, kwa ile ya vitufe.

"Kijani themanini na nane na nusu," akasema. "Sie wa pili."

Kijani. Waliopanda wa tano. Kwenye nafasi yetu.

"Nimemsikia jaji akimwambia mwenziwe," Bibi akaendelea. "Wa mwanzo huwabania kidogo, mana hawajui bado wa nyuma wana nini, waache nafasi juu. Wangekuwa mwisho wa shughuli ningewapa tisini, kasema. Hebu nambie, mama Rahma. Nani kaenda kuwaweka wa mwanzo?"

Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Rahma akaja na dhahabu shingoni, wale wadogo wanarukaruka wamemzunguka. Akaniuliza chuo vipi. Nikamwambia wa pili, kwa nusu. Akakaa chini pale pale kwenye mkeka.

Ili niseme chochote, nikamuuliza kama alijua kwamba huku wako peke yao.

"Tulijua tangu mwezi uliopita, Mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshalipa."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana sijalala vizuri.

Tukarudi Ansab kumchukua Bibi. Alikuwa kwenye ngazi na Shamsa, wanagawana kahawa iliyobaki. Shamsa macho mekundu lakini amesimama wima. Akamkumbatia Rahma muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, akanishika mikono yote miwili.

"Asante, Khalti," akasema, maana huniita mama mdogo kwa Kiarabu. "Tulikuwa tunaogopa Rahma hatakuja kabisa."

Wakuu, nimetukanwa sokoni na watu wenye vipaji. Hakuna lililoniingia kama hiyo asante.

Tukarudi Mabela. Tulipofika getini Bibi akaniambia, kama anayeniagiza chumvi, kwamba amewaalika wale wasichana wote biriani Ijumaa.

"Utawambia mwenyewe," akasema, "au nseme mie?"

Somo nililolipata: hadhi ya mashindano si taa, na si kikombe wala medali. Ni idadi ya watu waliokuja kukunyang'anya. Na la pili, ambalo nililijua tangu nina miaka ishirini: anayekubali haraka ana sababu.

Mnaojua huu mchezo, njooni mbishane, chuo au klabu. Nitasoma yote. Wa klabu msikasirike, koti ninalo bado na ni zuri.

Lakini ushauri ninaouhitaji ni mwingine. Leo Jumatano. Mchele nimeshanunua. Wageni kumi na tano ukimtoa Rahma, nimehesabu mara mbili, na Shamsa ndiye atakayekaa karibu yangu, Bibi ameshapanga mikeka.

Kusema nitasema. Niambieni tu, nyie mlioishi na watu: niseme kabla ya kula, au baada?