Binti aliyening'ata leo, na Mama Neema aliyenisaidia

Jamani, leo nimeng'atwa mkono wodini, na bado nimerudi nyumbani nikimshukuru Mungu.

Asubuhi kaka wawili walimleta mdogo wao wa miaka kumi na tano kutoka kijiji cha Muyama, huku Kigoma, wamemfunga mikono kwa kanga. Alikuwa na homa kali, anapiga mateke na kupiga kelele kwa Kiha. Mimi mtu wa Tanga, sikuelewa hata neno.

Nikamsogelea na sindano. Akaning'ata!

Mama Neema, Muha anayetufanyia usafi, akaweka ndoo chini.

"Sista, anasema mmemzunguka wengi na mikono inamuuma. Tokeni kidogo."

Niliona aibu. Kumbe muda wote alikuwa anatuambia!

Tukawatoa kaka zake. Mama Neema akamfungua, akakaa naye sakafuni, wakaongea taratibu. Binti akanywa maji, akalia, kisha akaninyooshea mkono mwenyewe nimchome.

Kipimo kilionyesha malaria. Jioni alikuwa ametulia, akaniita, sasa kwa Kiswahili.

"Sista, eti nilikung'ata?"

Nikaficha mkono nyuma. "Hapana, mdogo wangu."

Asante sana, Mama Neema.

Nyie mngemjibuje?